Muziro Mbele ya Piza

Mkazi wa Port Bell hahitaji kwenda mbali kutafuta mlo mzuri. Bandari hii ya Ziwa Viktoria, iliyopewa jina la gavana wa kikoloni Hesketh Bell, ina samaki wanaovuliwa usiku na kukaangwa mchana, na tangu 1946 ina kiwanda cha bia. Sato mzima, aliyechanjwa ubavuni na kukaangwa mpaka mkia ukakauka, huwekwa katikati pamoja na chipsi au mihogo, nanyi mkamla kwa vidole huku mkizungumza. Hata hivyo mtoto anapohitimu Chuo Kikuu cha Makerere, au kijana anapotaka wakwe watarajiwa wajue kwamba nia yake ni ya kweli, familia huvaa vizuri, ikapita Luzira, Kitintale na Bugolobi hadi Kololo jijini Kampala, kwenye mikahawa ya Kiitaliano kama Mediterraneo ya Barabara ya Acacia.

Waitaliano si wageni wa jana Uganda. Wamisionari wa Comboni walifika kaskazini mwaka 1910, na hospitali yao ya Lacor ilianza mwaka 1959. Watu wa Gulu, huko kaskazini, waliwajua kwa kanisa na tiba kabla Kampala haijawajua kwa tambi. Wapo wazee wanaosikitika kwamba kijana wa Kiganda anayekwenda kuketi mbele ya uma na kisu ameacha mila zake. Nimeketi kwenye meza hizo na sikubaliani nao.

Kwanza, huagizi kabla ya kusalimiana. Mhudumu huanza na “gyebale ko, ssebo, gyebale ko, nnyabo”, akajibiwa, akaulizwa hali, ndipo menyu zifunguliwe. Mbele ya mzee, binti aliyelelewa vizuri hukunja magoti hata akiwa kwenye sare ya kazi. Kisha watu huinuka mmoja mmoja kwenda kunawa, ijapokuwa uma zipo, kwa sababu kugusa chakula bila kunawa hakujawahi kuwa adabu mahali popote Buganda.

Nyumbani chakula hufunuliwa mbele ya wote. Matoke hutolewa yakifuka moshi ndani ya majani ya mgomba, mama akayagawa, mchuzi wa karanga ukafuata. Kwenye mkeka, kunyoosha miguu au kuegemea mkono wa kushoto wakati wa kula ni kuwadharau wenzako. Mkahawani kila mtu ana sahani yake, nayo huja kwa wakati wake, jambo linalowasumbua watu wa kwetu kuliko bei. Dawa yao ni moja: sahani zote husogezwa katikati, piza ikakatwa vipande vya kuwatosha wote, tambi zikazungushwa. Huko Italia piza ya mkahawani kwa kawaida huwa ya mtu mmoja. Kololo si hivyo, na nadhani meza zetu zimeifanyia piza jambo jema.

Kuna lililoachwa, na sililii. Zamani mwanamke wa Kiganda alimpika kuku asimwonje, akakatazwa mayai pia, na firigisi ikawa ya mume. Leo mama wa familia huagiza kuku aliyeokwa kwa limau na dunia haibadiliki. Lililopotea ambalo linaniuma ni shukrani kwa mpishi. Mlo wa nyumbani haumaliziki bila “webale okufumba”, asante kwa kupika, nayo husemwa kwa mpishi mwenyewe, uso kwa uso. Mkahawani mpishi yuko nyuma ya ukuta; anayepokea asante ni mtu aliyebeba sahani tu, na bakshishi haiwezi kusema neno hilo.

Lakini mila iliyo imara kuliko zote mezani ni muziro. Buganda ina koo zaidi ya 50, na kila ukoo una muziro wake, kwa kawaida mnyama, samaki au mmea, ambao watu wa ukoo hawauui wala hawauli. Wa Mamba, yaani kamongo kwa Kiganda, hawamli samaki huyo. Wa Ndiga hawali kondoo. Wa Butiko hawali uyoga, na uyoga umejaa kwenye menyu ya Kiitaliano: juu ya piza, ndani ya wali wa jibini, chini ya mchuzi wa nyama. Mwanamume wa Butiko hasemi kwamba uyoga unamdhuru wala kwamba haupendi. Husema “neddira Butiko”, ukoo wangu ni Butiko, na mhudumu wa Kampala hahitaji maelezo zaidi. Mhudumu aliyetoka nchi nyingine hudhani ni ugonjwa, akapendekeza kuutoa uyoga na kuacha mchuzi, na hapo ndipo maelezo huanza.

Kwa kuwa watu wa ukoo mmoja kwa kawaida hawaoani, meza ya mume na mke huwa na miziro miwili. Watoto hufuata wa baba. Hivyo baba wa Butiko na wanawe watatu huagiza piza ya jibini na nyanya, na mama, ambaye ni wa Ndiga, huagiza ya uyoga na kuimaliza peke yake. Mtoto mdogo huuliza kwa nini mama aruhusiwe na yeye akatazwe. Baba huweka uma chini, akamtajia ukoo, mkuu wa ukoo, babu na baba wa babu, na kijiji walikozikwa. Majina hayo ya wazee, ambayo darasani hayafundishwi na nyumbani hayatajwi kwa kuwa kila mtu yuko kwenye simu yake, husemwa pale Kololo kwa sababu ya uyoga. Mtoto akiyashika, humgeukia mama na kuuliza ya kwake.