Mota Ipi Ipande Kwale?

Mwaka jana mjomba wangu wa Ukunda alichoshwa na bei ya petroli. Akaiuza injini ya tuktuk yake, na fundi mmoja akamfungia mota ya umeme. Kule Diani ilikwenda raha mustarehe, haina kelele wala moshi. Siku moja akakodiwa kutoka Kombani kwenda Kwale, nami nilikuwemo. Hatujafika Golini tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Tuktuk ikasita, ikasimama kabisa. Mama mmoja ikabidi ateremke na gunia lake la mahindi. Pesa za korosho za msimu mzima ziliteketea pale kando ya barabara.

Fundi alisema mota ilikuwa mbovu. Mimi nasema haikuwa mbovu, ila kazi ile haikuwa yake. Hebu tufanye hesabu, ni fizikia ileile ya darasani.

Tuseme tuktuk na abiria wake ni kilo 700. Kwenye tambarare, tairi zinahitaji msukumo wa nyutoni 100 hivi. Ukienda kilomita 40 kwa saa, upepo unaongeza kama 75. Nguvu inayotakiwa ni karibu kilowati 2 tu. Sasa chukua kilima kinachopanda mita 1 kwa kila mita 10. Uzito peke yake unakuvuta nyuma kwa nyutoni 690; ongeza 100 za tairi, ni 790. Hata ukipunguza mwendo hadi kilomita 20 kwa saa, unahitaji kilowati 4.4, tena si kwa sekunde chache bali mpaka kilima kiishe!

Hapo ndipo wengi hunaswa. Kila mota ina nguvu ya kudumu na nguvu ya muda mfupi, na wauzaji hupenda kutangaza ile kubwa. Umeme unaopita kwenye nyaya ukizidi mara 2, joto huzidi mara 4. Vanishi inayotenganisha nyaya za shaba huungua, nyaya zinagusana, basi kwisha. Kwa hiyo ukienda dukani uliza nguvu ya kudumu, na uione imeandikwa.

La pili ni gia. Mota ya mjomba ilizungusha gurudumu moja kwa moja. Gurudumu likiwa na sentimita 20 toka katikati hadi ukingoni, kilima kile kinadai nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 158. Weka gia inayopunguza mzunguko mara 10, mota itatoa 16 tu. Ile isiyo na gia inamfaa anayezunguka Diani na Ukunda, si wa kupanda Shimba.

Kuna pia mota za kaboni. Ni rahisi, lakini kaboni huisha na huhitaji kubadilishwa. Za sumaku zisizo na kaboni hudumu zaidi, ingawa lazima ziwe na kidhibiti chake cha umeme. Yoyote utakayochagua, iwe imefunikwa vizuri, maana chumvi ya pwani yetu si mchezo.

Gari kubwa ni hesabu hiyohiyo, tarakimu tu zinaongezeka. Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kuitwa Roam tangu 2022, ilianza kwa kugeuza magari ya watalii kama Land Cruiser yatumie umeme. Mota ya tuktuk haiwezi hata kulitikisa gari kama hilo matopeni.

Mjomba alikopa, akanunua mota ya kilowati 5 za kudumu, yenye gia. Jumamosi moja tulipanda tena, abiria wawili na gunia. Tulipofika Kwale niliigusa: ilikuwa na joto kama kikombe cha chai, lakini mkono ulivumilia. Mjomba hakusema neno, akaanza kuita abiria wa kurudi.