Ulinzi wa Mambo ya Kale ni Sehemu ya Ukombozi

Taifa linapojitawala hurithi mambo mawili: kazi ya mikono ya wananchi wake na sheria alizoziacha mkoloni. Katika suala la magofu na mambo ya kale, mambo hayo mawili yalikutana. Kuta zilikuwa zetu, lakini sheria ya kuzilinda ilikuwa yake. Ni wajibu wetu kueleza jinsi hali hiyo ilivyobadilishwa Tanzania Bara, na ni kazi gani iliyobaki.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuhifadhi mambo ya kale mwaka 1937. Idara ya kuyasimamia ilianzishwa mwaka 1957, miaka minne tu kabla ya Uhuru. Hatusemi kwamba kazi hiyo haikuwa na maana. Tunauliza: ilimnufaisha nani? Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 kwa jasho la wafanyakazi wa Kiafrika, ilipelekwa Berlin, na iko huko hadi leo. Na magofu ya Kilwa yalielezwa kuwa ni kazi ya wageni, kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Kumnyima mtu historia yake ni njia mojawapo ya kumtawala.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ilileta mwelekeo mpya. Majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 yalipata ulinzi moja kwa moja. Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 nayo ililindwa. Na hakuna aliyeruhusiwa kuchimba, wala kupeleka mambo ya kale nje ya nchi, bila kibali cha Serikali. Mwaka 1965 fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, lilirudishwa nchini. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1979.

Lakini sheria peke yake haizuii mawimbi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Hata hivyo, mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikula ufuko, mvua ilimomonyoa kuta za mawe na chokaa, na mizizi ya miti ilizipasua. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa. Somo lake ni wazi: mlinzi wa kwanza wa gofu ni mwanakijiji anayeishi kando yake. Akionwa kama mharibifu tu, atalitazama gofu kama mali ya Serikali. Akishirikishwa katika kazi na katika mapato, atalitunza kama mali yake.

Kuna kasoro nyingine ambayo makada hawana budi kuitazama bila kuoneana haya. Mpaka wa mwaka 1863 unalinda majumba ya masultani pasipo kusubiri tangazo, lakini mahali wananchi walipopigana Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, hapapati ulinzi huo mpaka Waziri atangaze. Hivyo tarehe iliyoandikwa katika sheria inaweza kuamua historia ya nani ikumbukwe kwanza. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ilipanua mtazamo. Utekelezaji ndio kipimo chake.

Kwa hiyo kazi yetu ni tatu. Kwanza, kila tawi lijue mahali pa kihistoria palipo katika eneo lake na kuhimiza patangazwe. Pili, wazee wasikilizwe, na maelezo yao yaandikwe kabla hawajatutoka. Tatu, wanafunzi wetu waisome elimukale, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuifundisha mwaka 1985, ili historia yetu ichimbwe na kuelezwa na sisi wenyewe. Uhuru wa bendera ulipatikana mwaka 1961. Uhuru wa kumbukumbu bado unajengwa, jiwe juu ya jiwe.