Je, Wajua? Sarakasi ya China, Jembe la Usukuma

Je, wajua kwamba mwigizaji wa opera ya Beijing hupimwa kwa stadi nne: kuimba, kunena, kuigiza na kupigana kwa mitupo ya sarakasi? Sauti tamu peke yake haitoshi.

Mafunzo ya viungo ya China yalifika Tanzania zamani. Miaka ya 1960 serikali iliwapeleka vijana wetu huko wakajifunze sarakasi, na waliporudi likaundwa kundi la sarakasi la taifa, sambamba na lile la ngoma. Baadaye makundi ya taifa yalivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Pale maigizo, ngoma na sarakasi vimefundishwa chini ya paa moja.

Na katika ngoma za Bagamoyo imo bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, wenyeji wa Shinyanga na Geita. Ilizaliwa shambani. Wachezaji huinama, huinuka, hurusha majembe na kuyadaka bila kupoteza mdundo, na wimbo haukatiki.

Je, wajua kwamba Mjapani Tadashi Suzuki, aliyehamishia kundi lake la maigizo kijijini Toga mwaka 1976, huwafunza waigizaji kwa kukanyaga sakafu kwa kishindo, kiwiliwili kikiwa kimetulia, kisha wanene pumzi zikiwa juu? Alichota katika noh na kabuki, sanaa kongwe za jukwaa za kwao. Naye Phillip Zarrilli, Mmarekani, alijenga mafunzo yake juu ya kalaripayattu, sanaa ya mapigano ya Kerala, India. Lakini kuitawala pumzi katikati ya kazi nzito ni jambo ambalo mchezaji wa bugobogobo huanza nalo.

Usukuma una mtihani mwingine, na kwangu ndio mkali kuliko yote. Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma tangu karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Kuna wanaocheza na chatu hai. Watazamaji wako huru kuhama, na kundi litakalovuta umati mkubwa ndilo mshindi.

Enyi vijana wa vikundi vya maigizo Kahama, Shinyanga na Geita, jifunzeni kwa Suzuki, jifunzeni kwa Wachina. Ila mwalimu wa kwanza awe manju wa kijijini kwenu. Mwiteni angali hai.