Chumba cha Bei Rahisi Garsen: Uliza Kwanza Maji Yalifika Wapi

Mwenye ploti alinifungulia mlango nikaingia. Kuta za mawe, mabati mapya, stima ipo, na kodi yake ilikuwa ndogo kuliko ya vyumba vyote nilivyotembelea siku ile. Nilikuwa namtafutia mdogo wangu mahali pa kukaa, maana alikuwa amepata kibarua upande wa Gamba, kwenye mashamba ya mpunga. Nikiwa karibu kutoa pesa, nikauona mstari wa rangi ya udongo umezunguka kuta zote nne, usawa wa kiuno changu. Ulikuwa umepakwa rangi juu, lakini tope la Mto Tana halifichiki kirahisi.

"Maji yalifika hapa, mama?"

"Yalifika, mwanangu. Tukahamia juu mpaka yakauke. Lakini si kila mwaka."

Mama yule alinijibu kweli, na jibu lake ndilo linalofaa kumwongoza yeyote anayetafuta nyumba eneo hili. Kodi ya bondeni hulipwa mara mbili: kwa mwenye ploti kila mwezi, na kwa mto siku utakapoidai.

Anayefanya kazi Gamba, iwe ni kwenye mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, au kwenye vibarua vya barabara ya Lamu, ana miji michache ya kuchagua. Garsen ndio wenye soko kubwa na maduka mengi, na vyumba vya bei ya chini havikosekani. Minjila ni njia panda, pale magari ya Lamu yanapoachana na yale ya Hola na Garissa. Tarasaa na Ngao ziko upande wa Malindi, zimetulia, na Ngao ina hospitali. Witu iko upande wa pili wa Gamba, tayari umeingia Kaunti ya Lamu. Hola siihesabu hapa. Huko ndiko makao makuu ya Kaunti ya Tana River, lakini ni mbali mno kwa mtu wa kwenda na kurudi kila siku.

Wengi huanza na kodi. Mimi nasema anza na nauli. Tuseme unalipa shilingi 150 kwenda na 150 kurudi, siku 26 za kazi. Hiyo ni shilingi 7,800 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida nje ya miji mikubwa kilikuwa shilingi 8,109.90 mwaka 2022, kikaongezwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, yaani takribani shilingi 8,600. Kwa hesabu hiyo, mtu anaweza kufanya kazi mwezi mzima akimlisha mwenye matatu. Kwa hiyo uliza nauli ya asubuhi, ya jioni na ya siku ya mvua, kisha uliza gari la mwisho hupita saa ngapi. Usipange maisha yako kwa kutegemea safari za usiku kwenye barabara ya Lamu. Kituo cha polisi cha Gamba chenyewe kilishambuliwa Julai 2014, na tangu hapo watu wamezoea kumaliza safari mapema.

Jambo jingine ambalo vibarua wengi hawaambiwi: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri akupe nyumba ifaayo au akulipe pesa za kutosha kupanga. Kiwango kinachotumika sana ni asilimia 15 ya mshahara. Kwa shilingi 8,600, hiyo ni shilingi 1,290. Ni pesa ndogo, lakini ni haki yako, basi iulizie kabla hujaweka sahihi.

Sasa turudi kwenye maji. Mgeni huja Januari au Februari, akakuta vumbi na jua kali, akadhani mafuriko ni hadithi za wazee. Mto Tana hautegemei mvua ya Garsen. Maji yake hutoka Mlima Kenya na Aberdare, yakapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa yakijaa na kufurika, huku chini maji hupanda hata kama mbingu ni nyeupe. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu tuta la mradi wenyewe wa mpunga. Hata mwajiri hakusalimika, sembuse mpangaji?

Mwishoni mwa 2023 mto ulifurika, na kabla watu hawajakausha magodoro ukafurika tena Aprili na Mei 2024. Barabara ya Lamu ilikatwa na maji maeneo ya Gamba na Lango la Simba. Aliyeishi bondeni alipoteza vyombo, na aliyeishi penye mwinuko alikosa njia ya kufika kazini. Lakini kukosa siku za kibarua huku umelala pakavu si sawa na kukosa siku hizo huku unga, godoro na sare za watoto vinaelea.

Piga hesabu. Tuseme chumba cha bondeni ni shilingi 2,000 na cha Minjila ni 3,000. Kwa mwaka unaokoa 12,000. Godoro moja, sufuria, chakula cha mwezi na gari la kuhamisha vyombo vinaimaliza pesa hiyo kwa usiku mmoja, na mtoto akishikwa na malaria au kuhara unaingia kwenye deni.

Jikoni tofauti kati ya miji hii ni ndogo. Samaki wa mto, maziwa ya Waorma na maembe ya Wapokomo hupatikana karibu kila soko kwa msimu wake. Kabeji, viazi na vitunguu huja kwa lori, na barabara ikikatika bei hupanda kote.

Kwa mwenye familia, nachagua Minjila, na Tarasaa au Ngao kama ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali mara kwa mara. Witu inamfaa ambaye kazi yake inaelekea Lamu zaidi kuliko Garsen. Garsen yenyewe siikatai, ila waulize majirani watatu, si mwenye ploti peke yake, maji ya 2024 yalifika wapi, na ukatazame kuta kwa macho yako.

Mdogo wangu alipanga Minjila. Chumba ni kidogo kuliko kile cha kwanza, na kuta zake hazina mstari.