Ave Maria ya Schubert na Sala ya Mtakatifu Fransisko: Zilitoka Wapi?

Kila tunapokaa na wachumba kupanga Misa ya ndoa, ombi moja ni nadra kukosekana: kwaya iimbe Ave Maria ya Schubert. Wengi wetu huamini kwamba Franz Schubert aliichukua Salamu Maria ya Kilatini na kuitungia muziki kwa ajili ya ibada. Sivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1810 mwandishi wa Scotland, Walter Scott, alichapisha utenzi mrefu uitwao The Lady of the Lake. Ndani yake msichana Ellen Douglas amejificha pangoni pamoja na baba yake aliyekosana na mfalme, naye anamwomba Bikira Maria ulinzi huku mzee mmoja akimpigia kinubi. Adam Storck aliutafsiri utenzi huo kwa Kijerumani, na mwaka 1825 Schubert akaitungia muziki sala ya Ellen. Ulikuwa wimbo wa mtu mmoja kwa piano. Unaanza kwa kumsalimu Maria, lakini yanayofuata ni maombi ya binti mkimbizi anayelala juu ya mwamba. Maneno ya Kilatini yalipachikwa baadaye, ndiyo maana waimbaji hulazimika kurudia mengine na kuvuta mengine ili yaenee kwenye muziki.

Hatusemi hayo ili kumshusha Schubert. Alikuwa Mkatoliki, alitunga Misa sita za Kilatini, na mwaka huohuo wa 1825 aliwaandikia wazazi wake kwamba wimbo huo uliwagusa wasikilizaji kwa sababu yeye hakuwa na desturi ya kujilazimisha uchaji. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia, namba 121, unataka maneno ya nyimbo takatifu yapatane na mafundisho ya Kanisa na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na vyanzo vya liturujia. Kwa maoni yetu, maneno ya Ellen yabaki kwenye tamasha. Salamu Maria ya Kilatini yaweza kuimbwa baada ya Komunyo, au maharusi wanapopeleka maua mbele ya sanamu ya Mama Maria. Lakini isichukue kamwe nafasi ya Wimbo wa Katikati, ambao ni Neno la Mungu.

Ipo pia Ave Maria "ya Caccini". Giulio Caccini alifariki mwaka 1618. Wimbo huo ni wa Vladimir Vavilov, mpiga gitaa wa Urusi ya Kisovieti, aliyeurekodi takriban mwaka 1970 bila kujitaja kuwa mtunzi. Jina la Caccini liliwekwa baadaye.

Linalotugusa zaidi ni ile sala ya kuomba kufanywa chombo cha amani, inayoimbwa hata katika mazishi. Mtakatifu Fransisko wa Assisi alifariki mwaka 1226, na sala hiyo haimo katika maandishi yake yoyote. Ilionekana kwanza Desemba 1912 huko Paris, kwa Kifaransa, katika jarida dogo la kidini liitwalo La Clochette, bila jina la mwandishi. Miaka michache baadaye ikachapwa nyuma ya picha takatifu ya Fransisko, na watu wakaunganisha picha na maneno. Kosa lenyewe halikuwa na hila. Hata hivyo, kijana aliyetangaziwa kanisani kwamba Fransisko ndiye aliyeiandika, kisha akasoma ukweli kwenye simu yake, huanza kujiuliza ni mangapi mengine tuliyomwambia bila kuyachunguza. Swali hilo tumeshaulizwa, na mwulizaji alikuwa na haki.

Sala hiyo ni njema, nasi tunaendelea kuisali. Tunawaomba tu walimu wa kwaya, watakapochapa upya vitabu vya nyimbo, waondoe jina la Mtakatifu Fransisko chini yake na kuandika: mtunzi hajulikani, Ufaransa, 1912.