Ukihamia Pwani Ukubwani, Marafiki Hupatikana Vipi?

Swali hili hunijia mara kwa mara, kwa simu au nikisimamishwa sokoni. Anayeuliza huwa ni mtu mzima: mwalimu aliyehamishwa, mama aliyewafuata wanawe mjini, mstaafu aliyenunua kiwanja kwa kupenda upepo wa bahari. Nyumba ameshapata, watoto wameshaingia shule, mashine ya kusaga na duka la dawa ameshavijua. Halafu hushusha sauti na kusema: "Lakini sina mtu."

Huniuliza mimi kwa sababu wanajua asili yangu. Mimi ni mzaliwa wa Korbesa, upande wa Merti katika kaunti ya Isiolo, nchi ya ng'ombe na ngamia karibu na mto Ewaso Nyiro. Nilihamia Malindi nikiwa na miaka 41, na mke, watoto watatu, stashahada ya uhasibu na kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Hatukuwa na jamaa wala rafiki hata mmoja hapa. Huu ni mwaka wetu wa sita, na leo nataka kueleza nilichokiona, pengine kitamfaa aliyeshusha mizigo yake juzi.

Jambo lenyewe si dogo. Mwezi wa Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Sisi Waislamu tuna hesabu yetu nyingine juu ya hiyo. Ukifa usiku wa leo, nani atakuosha? Nani atashika jeneza ili mkeo asibaki akipigia simu watu walio mbali, safari ya siku nzima na zaidi? Kijana wa miaka 20 akihama hajiulizi hayo. Mtu wa miaka 45 hujiuliza kila akizima taa.

Salamu nyingi, marafiki wachache

Kinachomtatiza mgeni wa Pwani ni kwamba watu hapa ni wakarimu wa maneno. Utaulizwa hali, utaulizwa watoto, utaambiwa karibu mara kumi kabla ya adhuhuri. Mgeni hudhani ameshapata marafiki. Wiki zikipita bila mtu kubisha mlango wake, huanza kusema watu wa Pwani wana unafiki. Hilo si kweli, na kulielewa inabidi tutazame miji yetu ilivyolelewa.

Kwetu Korbesa, mgeni akifika hupewa chai au maziwa kwanza, kisha huulizwa habari: amani ipo, mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, maji yako wapi. Ni ukarimu, lakini pia ni maisha. Mfugaji huishi kwa habari, na mwenyeji wa leo ni mgeni wa kesho. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mwenye ng'ombe alilazimika kutegemea watu wa malisho ya mbali. Waborana wana hata utaratibu wa zamani uitwao busa gonofa, ambao watu wa ukoo humchangia mifugo aliyefilisika ili aanze tena. Urafiki kwetu hukomaa haraka kwa sababu shida nayo huja haraka.

Malindi ni mji wa bandari. Kwa mamia ya miaka watu walikuja na kaskazi wakaondoka na kusi. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, akapewa rubani wa kumwonyesha njia ya India, akaenda zake. Siku hizi wageni huja Disemba kwa mapumziko na Januari hawaonekani. Mimi naona mji uliozoea wageni wa namna hiyo hujifunza adabu mbili: kumkaribisha kila mtu, na kutomfungulia moyo mtu upesi. Wenyeji hawakuchukii. Wanangoja waone kama upepo ukigeuka bado utakuwepo.

Kwa hivyo la kwanza kwa mgeni ni kuvuka msimu. Usiuhukumu mji kwa miezi mitatu ya mwanzo.

Saa mia mbili za kukaa

Kuna mtaalamu wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, Jeffrey Hall, ambaye mwaka 2018 alichapisha utafiti kuhusu muda unaohitajika ili watu wawe marafiki. Miongoni mwa aliowahoji walikuwa watu wazima 355 waliokuwa wamehama makazi karibuni. Alikadiria kwamba mtu hutoka kuwa wa kujuana tu hadi rafiki wa kawaida baada ya saa 50 hivi za kuwa pamoja, rafiki hasa baada ya saa 90, na rafiki wa karibu baada ya zaidi ya saa 200. Aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito kama zile za kuketi na kuzungumza.

Nilipozisoma takwimu hizo nilikumbuka baraza. Hapa baada ya laasiri au baada ya isha, wanaume huketi kwenye mabaraza ya nje ya nyumba au karibu na muuza kahawa. Kahawa tungu hutoka katika dele la shaba, vikombe ni vidogo, kuna kashata au tende. Hakuna ajenda. Watazungumza bei ya samaki, mpira, siasa za kaunti, au watanyamaza. Ukikaa nusu saa kila jioni, utahitaji siku 400 kufikisha saa 200. Ukikaa saa nzima, siku 200. Hakuna njia ya mkato katika hesabu hiyo, na uhasibu niliosomea hauwezi kuipunguza.

Kwa hivyo chagua baraza moja na saa moja, uende. Mtu anayezunguka vijiwe vitano kutafuta watu wa kumfaa huonekana na wote na hajulikani na yeyote. Anayefika mahali pale pale saa ile ile, siku asipofika huulizwa: "Yule bwana wa Isiolo yuko wapi leo?" Siku ukiulizwa hivyo, jua umeanza kuwa na watu.

Mimi kahawa haikunipa shida. Kwetu buna hukaangwa pamoja na ganda lake kwa samli, ikatiwa maziwa, na wazee huomba dua ya amani kabla ya kuinywa. Ya hapa ni nyeusi na chungu, ila maana yake ni moja: watu wamekaa, hawana haraka.

Siku ya tatu mpe jembe

Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumfukuza mgeni aliyekaa sana. Mimi naiona ina heshima kubwa. Aliyepewa jembe ameacha kuwa mgeni, ana shamba la kulima pamoja na wengine.

Jembe langu lilikuwa daftari. Mzee mmoja wa msikiti wetu wa mtaani aliniuliza kazi yangu, nikamwambia ni mhasibu. Akasema, "Basi mwanangu, daftari la michango ya mazishi lina mwaka halijajumlishwa." Nililichukua nikalijumlisha. Kisha nikapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kukusanya shilingi mia moja za kila mwezi. Hapo ndipo nilipoujua mtaa: nani anaumwa, nani mwanawe yuko Ughaibuni, nani hana mia na inabidi umpite kwa adabu. Watu walinifungulia mlango kwa sababu nilikuwa na jambo la kunileta.

Ukubwani ni vigumu kumwendea mtu na kumwambia, "Nataka tuwe marafiki." Utamtia haya, nawe utajitia haya. Kazi ya pamoja huondoa aibu hiyo. Fundi wa umeme, muuguzi, dereva, mwenye kujua kuandika barua kwa chifu, kila mmoja ana jembe lake. Usingoje uulizwe. Sema unachoweza, kisha ukifanye bila kudai sifa.

Haki tano, milango mitano

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, na iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja haki tano za Muislamu kwa Muislamu mwenzake: kumjibu salamu, kumzuru akiugua, kufuata jeneza lake, kuitikia mwaliko wake, na kumwombea rehema akipiga chafya na kumhimidi Mwenyezi Mungu. Tumezisoma madrasa tukiwa wadogo. Zitazame sasa kwa jicho la mtu aliyehamia mji asiojua mtu: ni milango mitano, na hakuna hata mmoja unaohitaji uwe na rafiki kwanza.

Mlango uliofunguka zaidi kwangu ulikuwa wa jeneza. Mazishini hakuna anayemuuliza mbebaji ni wa ukoo gani. Unaingiza bega, unapokewa hatua chache mbele, unarudi nyuma na kuingia tena. Nimebeba watu ambao sikuwahi kuzungumza nao, nami jioni yake nikasalimiwa kwa jina na wanawe. Huendi huko kutafuta marafiki, na aliyekwenda kwa nia hiyo atajulikana. Unakwenda kwa kuwa ni haki ya ndugu yako, na urafiki hufuata wenyewe nyuma.

Asiye Muislamu naye ana milango yake: kanisa, chama cha akiba, timu ya wazee wanaocheza mpira ufuoni jioni.

Kina mama wana njia yao

Mke wangu alinitangulia kupata watu. Wiki za mwanzo jirani alimtuma mtoto: "Mama amesema umuazime mbuzi." Mke wangu, binti wa wafugaji, alicheka mpaka akakaa chini. Kwetu mnyama wa maziwa huweza kuazimwa msimu mzima, lakini si wa kurudishwa baada ya dakika kumi! Alitoka kwenda kumwona huyo mbuzi wa mbao mwenye meno ya chuma, akakalishwa juu yake, akafunzwa kukuna nazi. Harusi iliyofuata mtaani aliitwa kusaidia kukuna nazi na kuchambua mchele. Kisha akaingizwa katika mchezo wa kina mama, kila mmoja akitoa kiasi kila wiki na mmoja akipokea zote.

Wanawake hapa hawana baraza la nje, lakini wana jiko la harusi, matanga, mchezo na kumpeleka mtoto chuoni. Mume aliyehama na mkewe amwachie nafasi na nauli ya kwenda huko. Mke aliyefungiwa ndani katika mji mgeni ana upweke mara mbili.

Wahajiri walifanyaje?

Tusisahau kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alihamia Madina mwaka 622 akiwa na miaka 53. Alijenga msikiti, na akawaunganisha Muhajirina na Ansari udugu, mmoja kwa mmoja. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, ambaye alimwahidi nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akarudi na jibini na samli alizopata kwa kuchuma.

Nayapenda mafunzo mawili hapo. Mgeni asianze urafiki kwa kuomba fedha, wala asiununue kwa kukopesha ovyo ili apendwe. Anayekuja na mkopo au biashara kubwa kabla hamjanywa kahawa ya mwezi mmoja, mpe maneno mazuri na umwache apite. La pili, udugu ule haukuachwa ujitokee wenyewe. Ulipangwa, na mwenyeji alipewa jukumu.

Hilo ndilo ninalowaomba wenyeji wa Pwani. Mtu wa bara aliyehamia mtaani kwenu hatasema kwamba usiku anahesabu nani atamzika. Atasema joto ni jingi na maji yana chumvi. Muulizeni kazi yake. Muwekeni karibu na dele, na mkikosa kumwona siku mbili mtumeni mtoto akamjulie hali. Kama mtaa una kamati ya mazishi, andikeni jina lake katika daftari mwezi wa kwanza, hata kabla hajatoa shilingi.

Nawe uliyehamia, ya nyumbani usiyatupe. Mimi bado nazungumza na wenzangu wa Korbesa kwa simu kila Ijumaa. Ila nimeweka mpaka: saa ya baraza simu hubaki mfukoni. Saa zinazohesabiwa ni zile unazokaa na watu walio mbele yako. Leo baada ya laasiri toka nje, toa salamu, keti, agiza kikombe. Na kesho urudi.

Wabillahi tawfiq.