Hela ya Tiketi Inakwenda Mfuko wa Nani?

Mtu akinipigia simu kuuliza kama anaweza kuchezesha bahati nasibu, simuulizi zawadi ni nini wala tiketi ni bei gani. Namuuliza hela inakwenda mfuko wa nani. Mimi ni mhazini wa chama cha Waswahili katika mji mmoja wa Uingereza, na swali hilo humaliza nusu ya mazungumzo. Anayetaka kuchangia kisima huko Lamu hubaki kwenye simu. Anayetaka kuuza gari lake kuukuu kwa bei ya gari jipya huaga mapema.

Sheria tunayoifuata ni Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Septemba 2007. Inahusu England, Wales na Scotland. Ireland Kaskazini wana yao. Sheria hiyo inatazama mambo matatu: mtu analipa ili ashiriki, kuna zawadi, na mshindi anapatikana kwa bahati tupu. Yakikutana yote matatu, hiyo ni bahati nasibu, uiite tombola, uiite mchango wa hiari, au uichezeshe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wenu. Kuiendesha bila leseni na bila kuwa katika aina zilizosamehewa ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili. Tena kosa halimkamati mwenye wazo peke yake. Anayepanga tiketi zichapwe, anayezitangaza na anayeziuza, wote wanahesabika kuwa waendeshaji.

Wenzangu wengi wanadhani ukali huu umetokana na dini au na uchoyo wa serikali. Historia inaonyesha sababu nyingine. Waingereza wamecheza sana bahati nasibu. Malkia Elizabeth wa Kwanza aliichezesha ya kwanza ya kitaifa, ikapigwa London mwaka 1569, ili kukarabati bandari. Hata jumba la makumbusho la British Museum lilianza kwa fedha za bahati nasibu ya mwaka 1753: tiketi 100,000 za pauni 3 kila moja, pauni 200,000 zikiwa za zawadi. Mmoja wa wasimamizi wake, Peter Leheup, alijilimbikizia tiketi kinyume cha kanuni ili ziuzwe tena kwa faida, akashtakiwa na kutozwa faini ya pauni 1,000. Kabla ya hapo, mwaka 1698, Bunge lilikuwa limekwisha kupiga marufuku bahati nasibu za watu binafsi kwa sababu ya ulaghai. Waliotunga sheria ya leo waliurithi mkasa huo: ndoo ya tiketi ikiwa ya mtu mmoja, mkono wake huingia ndani.

Kwa chama kidogo kama chetu, njia halali zipo tatu, na kila moja ina masharti yake. Kosa la vyama vingi ni kuchukua sharti la njia hii na kuliweka kwenye ile.

Ya kwanza ni bahati nasibu ya ndani ya shughuli. Chakula cha usiku cha kuchangia shule, baraza la Idi, bonanza la mpira, shughuli yoyote yenye watu waliokusanyika. Huhitaji leseni wala usajili. Unanunua vile vitabu vya tiketi za rangi vyenye namba ileile pande mbili, mnunuzi anachukua kipande kimoja, kingine kinaingia kwenye ndoo. Sharti kubwa ni kwamba tiketi ziuzwe palepale, wakati shughuli inaendelea. Hapo ndipo simu zinapoanza kulia: "Dada, mimi niko Manchester, nikatie tiketi kumi, nitakutumia hela." Jibu langu ni hapana. Akitaka kuchangia achangie, lakini tiketi hapati. Kura yenyewe mnaweza kuipiga hapo au baadaye.

Masharti mengine ya njia hii ni ya hesabu. Katika hela ya tiketi huwezi kukata zaidi ya pauni 500 kununulia zawadi, wala zaidi ya pauni 100 za gharama kama uchapaji na vifaa. Lakini zawadi ya kupewa haiingii kwenye hesabu hiyo. Wakala wa safari akijitolea tiketi ya ndege ya kwenda Mombasa yenye thamani ya pauni 800, hujavunja sheria, kwa sababu hukuinunua kwa hela ya tiketi. Ndiyo maana mwezi mzima kabla ya shughuli kamati yetu hupita kwa wenye maduka: huyu atoe mashine ya kusagia, yule doti za kanga, mwingine gunia la mchele wa basmati. Hata watoto wanaruhusiwa kununua tiketi za aina hii.

Njia ya pili ni ya wanachama wenyewe kwa wenyewe. Chama kinauza tiketi kwa wanachama wake na kwa watu walio ndani ya jengo lake tu, na tangazo linabandikwa humo humo, halitoki nje. Tiketi inaandikwa jina na anwani ya anayeendesha, inaeleza ni nani wanaoruhusiwa kuuziwa, na haihamishiki kwa mtu mwingine. Klabu nyingi za mpira na za wazee hapa huendesha utaratibu wa namba mia moja: kila mwanachama analipia namba yake kila mwezi, kura inapigwa, sehemu inakwenda kwa mshindi na nyingine kwenye kazi za klabu. Ni njia nzuri kwa chama chenye jengo na daftari la wanachama linaloeleweka. Kwa kundi ambalo hata halijui wanachama wake ni akina nani, haifai.

Ya tatu ni ya kuuzia umma kwa wiki au miezi kabla ya kura. Hapa lazima chama kijisajili kwa halmashauri ya mji kilipo, ada pauni 40 mwanzo na pauni 20 kila mwaka. Chama chenyewe kiwe kimeundwa kwa ajili ya hisani, michezo, utamaduni au shabaha nyingine isiyo ya kibiashara. Kisiwe kimeundwa ili kichezeshe bahati nasibu tu. Mauzo yasipite pauni 20,000 kwa kura moja wala pauni 250,000 kwa mwaka. Mkivuka hapo mnahitaji leseni ya Tume ya Kamari, na huko mnakutana na mashirika makubwa yanayoweza kuuza hadi pauni milioni 5 kwa kura moja.

Angalau asilimia 20 ya mauzo lazima ifike kwenye shabaha mliyoitangaza. Zawadi moja isizidi pauni 25,000. Tiketi ionyeshe jina la chama, bei, tarehe ya kura, na jina na anwani ya mwanachama anayewajibika. Bei ni moja kwa wote, kwa hiyo ile tamu ya "chukua tano ulipe nne" haipo. Mwenye umri chini ya miaka 16 hauziwi. Kutembea na kitabu mtaani ukiwasimamisha wapita njia hairuhusiwi. Nyumba kwa nyumba inaruhusiwa, na dukani au kwenye kibanda inaruhusiwa. Ndani ya miezi mitatu baada ya kura, mnaipelekea halmashauri taarifa yenye sahihi za watu wawili: mmeuza kiasi gani, zawadi zimekula ngapi, gharama ngapi, na ngapi imefika kwenye hisani.

Taarifa hiyo ndiyo inayowaumbua watu. Mwenyekiti anaweza kusimama msikitini au kanisani akatangaza kwamba tumepata pauni 3,000, akapigiwa makofi. Karatasi ya halmashauri haina makofi. Inataka tarakimu na vishina vya tiketi, na mhazini asiyeweka vishina hana la kuandika.

Sasa twende kwa yule anayetaka hela ibaki kwake. Kijana mmoja wa jumuiya, ananiita shangazi, alikuja na mpango uliopangwa vizuri kabisa. Alikuwa na Toyota Yaris ambayo sokoni angepata kama pauni 3,000.

"Shangazi, nauza tiketi 600 za pauni 10. Gari linapata mtu, mimi napata 6,000. Tena nitatoa 500 kwa msikiti."

"Na 5,500?"

"Si zangu, shangazi? Gari ni langu."

Nilimwambia sadaka ya 500 haisafishi 5,500. Bahati nasibu ikiwa na faida ya mtu binafsi ndani yake, sheria haina aina ya kuisamehe. Hata mwenye duka anayewachezesha wateja wake anaruhusiwa kufanya hivyo kwa sharti kwamba asipate faida yoyote na zawadi isizidi pauni 50. Na hata bahati nasibu ya watu wa kazini, ziada ikibaki, lazima iende kwenye jambo lisilo la mfuko wa mtu.

Akaniuliza mbona mtandaoni watu wanashindania magari na majumba kila siku. Swali zuri. Wale wanapita nje ya zile nguzo tatu nilizozitaja mwanzo, yaani malipo, zawadi na bahati tupu: wanaondoa moja, na ikiondoka hiyo si bahati nasibu tena. Wengine wanaondoa bahati tupu kwa kuweka shindano la ujuzi. Lakini swali liwe gumu kiasi cha kuwazuia watu wengi wasishiriki au wasishinde. "Mji mkuu wa Kenya ni upi?" si ujuzi, ni pazia. Wengine wanaondoa malipo kwa kuweka njia ya bure: unaandika jina lako kwenye kadi, unabandika stempu ya kawaida, unatuma kwa posta. Njia hiyo lazima itangazwe wazi, na kadi ya bure iwe na nafasi sawa na tiketi ya kulipia. Kampuni inayoweka zawadi ndani ya pakiti za soda nayo iko salama maadamu soda haijapandishwa bei kwa ajili ya droo.

Kwa hiyo kijana wangu angeweza, kisheria, kuweka njia ya posta. Angeweza pia kujikuta na kadi 400 za bure na tiketi 50 za kulipiwa, na gari lazima litoke. Waliowahi kushindanisha nyumba wamelionja hilo. Mwaka 2017 jumba la Melling Manor huko Lancashire lilipata mshindi kwa tiketi za pauni 2, na wengi wakaiga. Baadhi yao hawakuuza tiketi za kutosha, wakatoa fedha kidogo badala ya nyumba, na mamlaka inayosimamia matangazo nchini ikawahukumu kwamba wamepotosha watu. Kijana aliliuza gari lake kwa njia ya kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu Waswahili halikwepeki. Wazee wetu wengi hawagusi tiketi hizi kwa sababu ya imani. Maalim mmoja alinivuta pembeni: "Binti yangu, hii si kamari?" Nikamjibu kwamba serikali yenyewe imeiweka ndani ya Sheria ya Kamari, kwa hiyo hatutabishana. Tangu hapo kila shughuli yetu ina sanduku la mchango mtupu kando ya meza ya tiketi, na wakati mwingine tunafanya mnada wa vitu, ambao si bahati nasibu kwa kuwa anayeshinda ni aliyetaja bei ya juu.

Sanduku hilo lina faida ya kihesabu pia. Shirika la hisani linalotambuliwa linaweza kudai kutoka serikalini senti 25 juu ya kila pauni 1 iliyotolewa na mlipakodi kama sadaka, kwa utaratibu unaoitwa Gift Aid. Hela ya tiketi haidaiwi hivyo, kwa sababu mnunuzi amepewa nafasi ya kushinda, hakutoa bure. Pauni 1,000 za sanduku zinaweza kuwa 1,250. Pauni 1,000 za tiketi zinabaki 1,000, na hapo hamjatoa gharama za zawadi.

Na anayefikiria kuwauzia tiketi ndugu walioko nyumbani ajue kwamba huko nako kuna sheria. Tanzania, kwa mfano, ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na usajili wa halmashauri ya Leicester au Coventry hauna nguvu Dar es Salaam.

Wito wangu kwa viongozi wa vyama ni huu: chagueni njia kabla ya kuchapa kitabu cha kwanza cha tiketi, muiandike kwenye kumbukumbu za kikao, na mmpe kazi mtu mmoja anayetunza vishina. Na wewe mnunuzi, ukiletewa tiketi, isome. Kama inauzwa nje ya shughuli na haina jina la chama, wala jina na anwani ya mtu wa kuwajibika, wala tarehe ya kura, mrudishie aliyekuletea na usitoe hela.